UZI: Uso wako mwenyewe unavyoingilia pale unapomsoma mwenzio usoni

Bahari_Shwari (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Kuna jambo nimekuwa nalifuatilia muda mrefu na naona wengi hawalijui kabisa, wakati linamgusa kila mtu. Unapomwangalia mtu ujue kafurahi au kakasirika hautumii macho peke yake. Misuli ya uso wako nayo iko kazini, inacheza kidogo kidogo bila wewe kujua, na namna inavyocheza inaweza kubadili kile unachokiona kwa mwenzio.

Tuanze na hili la misuli kucheza. Kule Sweden, chuo kikuu cha Uppsala, kuna mtafiti anaitwa Ulf Dimberg, tangu mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa anabandika vidude vya kupima umeme wa misuli kwenye nyuso za watu af anawaonyesha picha. Ikitokea picha ya mtu anayetabasamu, ule msuli wa shavuni unaovuta pembe za mdomo kwenda juu unashtuka. Ikitokea picha ya mtu mwenye hasira, unashtuka ule wa kwenye nyusi unaokunja ndita. Na ukimwangalia huyo mtu kwa macho unaona katulia tuli, ni mashine tu ndo inakamata. Mwaka 2000 yeye na wenzake wakaenda mbali zaidi, wakaonyesha picha kwa milisekunde 30 tu halafu fasta ikafunikwa na picha ya uso usio na hisia yoyote, maana yake anayeangalia hajui kabisa kama kapitishiwa tabasamu au hasira, na bado misuli ikajibu vilevile ndani ya sekunde moja. Yani uso unajibu kitu ambacho mwenye uso hana habari kama kakiona! Mi nikifika hapo kila mara nasimama kidogo.

Sasa swali lenye utamu ni je, huko kuiga kwa siri kuna kazi yoyote, au ni kitu kinatokea tu pembeni wakati ubongo umeshamaliza kazi yake?

Njia nyepesi ya kujua ni kuuzuia uso usicheze halafu uone kama mtu anapotea. 2001 Paula Niedenthal na wenzake waliwaonyesha watu video ya uso unaobadilika pole pole, unatoka kwenye furaha unaelekea huzuni au kinyume chake, kazi yao ilikuwa kusema ni wapi ile hisia ya mwanzo imeisha. Wengine waliachwa huru, wengine walishikishwa kalamu mdomoni ili uso usicheze. Walioachwa huru waliliona badiliko mapema zaidi. 2007 Lindsay Oberman na wenzake nao wakatumia kalamu ya kung'ata kwa meno, wakakuta kutambua furaha ndo kuliharibika zaidi, na inaleta maana kwasababu kalamu ikiwa kwenye meno misuli ya mdomo na mashavu ndo inashikwa, na hiyo hiyo ndo ya tabasamu. Halafu 2014 Magdalena Rychlowska na wenzake waliwavalisha watu kile kifaa cha meno wanachovaa mabondia, wakawaonyesha tabasamu za kweli na za kulazimisha. Waliovalishwa wakaziona zote sawa tu, uwezo wa kutofautisha ukapotea.

Hiyo ni upande wa kuzuia. Upande wa kuongeza ndo kuna jaribio lililonifanya niandike huu uzi. Chuo kikuu cha Essex, Uingereza, timu ya Sebastian Korb waliweka elektrodi mashavuni mwa watu wakapitisha umeme hafifu usiouma kwa nusu sekunde tu, misuli ikavuta tabasamu dogo ambalo mtu hajaamua yeye. Wakati huo huo kwenye skrini unatokea uso wa kutengenezwa na kompyuta, na mtu anaamua huo uso una furaha au una huzuni. Matokeo yalitoka 2024: shavu likivutwa uso ule ule unaonekana una furaha zaidi. Nusu sekunde jamani, na hilo tabasamu lenyewe dogo, wala hukulitaka.

Na wazo la kuamsha misuli ya uso kwa umeme sio jipya. Mfaransa Duchenne de Boulogne alishafanya hivyo karne ya 19, akachapisha picha zake 1862, yule mzee anayeonekana kwenye nyingi ya hizo picha alikuwa na ganzi usoni kwahiyo hakusikia maumivu sana. Darwin akazitumia baadhi ya picha hizo kwenye kitabu chake cha 1872 kuhusu hisia. Tofauti ni kwamba Duchenne alikuwa anaangalia uso unaochomwa umeme, hawa wa Essex wanamuuliza mwenye uso yeye anawaonaje wengine.

Karibuni tujadili, nitajibu kadri ninavyoweza.

chuma_cha_pua

Mkuu uzi mzuri ila hii si ndo ile stori ya kalamu mdomoni iliyokuja kuanguka? Nilisoma kwamba walirudia maabara nyingi wakakuta hamna kitu. Naomba ufafanuzi hapo maana naona watu bado wanasambaza "tabasamu utafurahi" kama vile ni dawa.

Bahari_Shwari

Asante mkuu, ni vizuri umeleta hilo mapema kwasababu hapa kuna madai mawili na watu huyachanganya kila siku.

Dai la kwanza: uso wako unabadili hisia ZAKO. Ndo ile ya Fritz Strack na wenzake ya 1988, washiriki 92, kalamu kwenye meno (inakaa kama tabasamu) au kwenye midomo (inazuia tabasamu), wakapima katuni zinachekesha kiasi gani, na wa kwenye meno wakaziona zinachekesha zaidi. Hiyo ndo ilirudiwa 2016 na maabara 17, watu 1,894, na kweli hawakupata kitu. Strack alilalamika kwamba safari hii kulikuwa na kamera inayowarekodi washiriki, na 2018 kuna watafiti wengine walijaribu na kamera na bila kamera wakaona kamera ina athari. Ubishi ukawa mkali. Mwishowe Nicholas Coles akakusanya watu wa pande zote mbili, wanaoamini na wasioamini, wakakubaliana jaribio kabla ya kuanza, watu 3,878 kutoka nchi 19, matokeo 2022. Wakakuta ukimwiga mtu anayetabasamu kwenye picha, au ukiambiwa sogeza misuli hivi na hivi, furaha inapanda kidogo. Kwa kalamu ushahidi ukabaki dhaifu. Kwahiyo athari ipo ila ni ndogo, na wanaouza tabasamu kama tiba ya huzuni nzito wanawadanganya watu, hapo niko na wewe asilimia mia.

Dai la pili ndo la uzi huu: uso wako unabadili unavyowasoma WENGINE. Hili halikuanguka na ile ya 2016 kwasababu halikupimwa pale. Halafu zile za kuzuia uso hazihitaji wewe ufurahi kwanza, zinahitaji tu misuli iwe huru kucheza.

Ila mkuu nakubali hata hili dai la pili lina mipaka, nitafika huko.

Nuru_A

Mimi nauliza kuhusu Botox. Kama uso ukizuiwa mtu anapotea, je wale wanaochoma sindano za kuondoa mikunjo inakuaje? Maana wao hawashiki kalamu kwa dakika kumi, wao uso umelala miezi.

Bahari_Shwari

Dada swali zuri sana na limeshafanyiwa kazi. Ile sindano inazuia neva kutoa kemikali inayoamrisha msuli ukaze, kwahiyo msuli unalala miezi mitatu minne hivi, na sehemu inayochomwa zaidi ni pale katikati ya nyusi, kwenye msuli ule ule wa ndita niliosema Dimberg alikuwa anaupima.

2011 David Neal na Tanya Chartrand walilinganisha wanawake waliochoma Botox na waliochoma dawa nyingine ya kujaza mikunjo ambayo hailazi misuli. Hapo walifanya jambo la akili sana, kwasababu makundi yote mawili ni watu wanaojali muonekano, wamelipia sindano, wamechomwa usoni, tofauti iko kwenye misuli tu. Wakawapa mtihani wa kuangalia picha za macho peke yake na kusema mtu anajisikiaje. Wa Botox walifanya vibaya zaidi. Kisha wakageuza, wakawapaka watu wengine jeli inayokauka na kubana ngozi, ukikunja uso unahisi ngozi inagoma, kwahiyo taarifa ya misuli inakuwa kubwa kuliko kawaida. Hao wakafanya VIZURI zaidi kwenye nyuso. Na haikuwasaidia kwenye kusikiliza sauti wala hesabu, maana yake sio kwamba jeli iliwafanya wawe makini kwa ujumla.

Kuna nyingine ya David Havas ya 2010, wanawake walisoma sentensi kabla na baada ya Botox ya kwenye ndita. Sentensi za hasira na huzuni wakazisoma taratibu zaidi baada ya sindano, za furaha hazikubadilika. Tofauti ni sehemu ndogo sana ya sekunde lakini mwelekeo ndo huo.

Tahadhari yangu ni kwamba makundi yalikuwa madogo. Sitaki mtu atoke hapa akamwambie dada yake amechoma Botox kwahiyo hana huruma, hakuna aliyeonyesha kitu kama hicho.

Mama Wawili

Na chuchu bandia za watoto? Nilisikia mahali nikaogopa.

Bahari_Shwari

Mama, kuna utafiti wa 2012, Niedenthal tena, ulikuta wavulana waliotumia chuchu bandia muda mrefu zaidi walikuwa wanaiga nyuso za wengine kidogo zaidi walipofika umri wa miaka sita saba. Kwa wasichana haikuonekana. Ila hiyo ni ya kuangalia vitu viwili vinavyoenda pamoja, hakuna mtoto aliyepewa au kunyimwa kwa makusudi, kwahiyo huwezi kusema chuchu ndo imesababisha. Mimi nisingekosa usingizi kwa hilo. Kama mtoto anaitumia wakati wa kulala, saa hiyo hasomi uso wa mtu.

Mtafiti_Huru

Nimesoma yote na naona kuna jambo kubwa umeliacha. Kuna watu wamezaliwa na hali inaitwa Moebius, uso wao umepooza tangu siku ya kwanza, wengi wao hawajawahi kutabasamu wala kukunja ndita. Kama kuiga ndo njia ya kusoma nyuso basi hao wangekuwa hawawezi kabisa. 2010 Kathleen Bogart na David Matsumoto waliwapima watu wazima 37 wenye Moebius wakawalinganisha na wengine 37. Hakukuwa na tofauti katika kutambua hisia kwenye picha. Sasa hapo nadharia yako inasimamaje?

Bahari_Shwari

Nilikuwa nasubiri mtu alete hili, na umelileta vizuri.

Hili ndo linanifanya nisikubaliane na wanaosema kuiga NDO kusoma. Sio kweli, watu wa Moebius wameshaonyesha kwamba unaweza kuijua furaha na hasira kwa macho na kwa uzoefu bila msuli hata mmoja kusogea. Na niongeze kitu dhidi ya upande wangu mwenyewe: 2021 kuna waliokusanya tafiti nyingi kuangalia kama watu wanaoiga zaidi ndo wanaotambua zaidi, hawakupata uhusiano wa maana. Kuiga kuliambatana kidogo na huruma, ila sio na kupatia majibu ya mtihani.

Sasa tuweke haya yote pamoja, kwasababu mi sioni yanagongana. Angalia ni wapi kuuzuia uso au kuuchezesha kwa umeme kunaleta tofauti: ni pale hisia inapobadilika pole pole, pale unapotakiwa kutofautisha tabasamu la kweli na la bandia, pale macho peke yake yameachwa kwenye picha, pale sura ya kompyuta iko katikati ya furaha na huzuni. Zote ni sehemu zenye utata. Ukipewa picha ya mtu amecheka meno yote thelathini na mbili nje, unahitaji msaada gani wa misuli? Macho yameshamaliza. Msimamo wangu ni kwamba uso wako ni kama punje inayoongezwa kwenye mizani, mizani ikiwa imeshalala upande mmoja punje haionekani, ikiwa iko sawa sawa punje moja inatosha kuiangusha.

Na kuna ushahidi wa ubongo unaounga mkono kwamba mwili unahusika kwa namna fulani hata kama msuli sio lazima. Ralph Adolphs na wenzake mwaka 2000 walichunguza wagonjwa 108 waliopata majeraha sehemu mbalimbali za ubongo. Walioshindwa zaidi kutambua hisia kwenye nyuso walikuwa na majeraha upande wa kulia kwenye sehemu zinazopokea hisia za mwili, yani pale unapojua mkono wako uko wapi, shavu limeguswa au la. Kwanini sehemu ya kuhisi ngozi yako iharibu kusoma uso wa mwingine? Jibu linaloniingia akilini ni kwamba ubongo unajaribu kujenga ndani yake picha ya "ningekuwa na uso kama ule ningehisije". Mtu wa Moebius anaweza akawa ana njia nyingine ya kufika hapo hapo, ameijenga tangu utotoni. Aliyezuiwa ghafla na kalamu hana hiyo njia, anaporwa kitu alichozoea kukitegemea maisha yake yote.

Mtafiti_Huru

Hapo nimekuelewa, kutofautisha mtu aliyezaliwa hivyo na aliyezuiwa ghafla ni jambo la msingi. Bado naona ushahidi wa hiyo "njia nyingine" unahitaji kupimwa na sio kudhaniwa tu, ila hoja ya utata naikubali.

chuma_cha_pua

Swali la mwisho kutoka kwangu. Taarifa inarudije kwenye ubongo? Msuli unajuaje kujiripoti?

Bahari_Shwari

Hii ni ya kushangaza kidogo. Misuli ya mkono na mguu ina vihisi ndani yake vinavyopima imevutwa kiasi gani. Misuli ya uso inayotengeneza sura kwa sehemu kubwa haina hivyo. Amri ya kusogea inatoka kwenye neva ya saba ya kichwa, lakini taarifa ya kwamba umesogea inarudi kupitia ngozi inayovutika, na ngozi ya uso iko chini ya neva ya tano. Ndo maana ile jeli ya kubana ngozi ilikuwa wazo zuri, waligusa pale pale taarifa inapopita.

Kisima_Kirefu

Kuna mtu ameuliza kama tunaiga kila mtu? Maana mi kuna watu wakicheka najikuta nanuna.

Bahari_Shwari

Hapana hatuigi kila mtu, na hicho unachosema kimepimwa. 1989 John Lanzetta na Basil Englis waliwaambia watu kwamba wanaenda kushirikiana au kushindana na mtu fulani, halafu wakapima misuli ya nyuso zao wakimwangalia. Wanaotegemea ushirikiano wakajibu tabasamu kwa tabasamu. Wanaotegemea ushindani wakajibu kinyume, mpinzani akifurahi wao ndita zinakunjwa. Na tafiti nyingi za baadae, hasa za Ursula Hess, zinaonyesha tunaiga zaidi tunaowapenda na tunaowaona ni wa upande wetu.

Fikiria hiyo pamoja na ile ya umeme wa Essex. Unakutana na mtu usiyempenda, uso wako umeshakaza kabla hajasema kitu, na sura yake ya kawaida tu isiyo na furaha wala hasira inapita kwenye uso uliokaza. 2015 kuna jaribio la London, Alejandra Sel na wenzake, walipima umeme wa ubongo kichwani wakati watu wanatabasamu au wametulia huku wanaangalia nyuso. Mtu akiwa anatabasamu, ubongo wake ukazipokea nyuso zisizo na hisia karibu sawa na nyuso zenye furaha, na hiyo ni milisekunde 150 hadi 170 tangu uso utokee, mapema mno, kabla hata hujaanza kufikiria huyu ni nani na ana nia gani. Hao hawakupima kununa, kwahiyo sisemi kununa kunafanya kinyume chake moja kwa moja. Ila mimi binafsi nikijua naenda kwenye mazungumzo magumu siku hizi nalegeza kwanza nyusi na taya, ili nisimsomee mtu hasira ambayo huenda ni yangu mwenyewe.

Kimya_Usiku

Naomba msaada wakuu. Mama yangu mdogo amepooza uso upande mmoja, daktari kasema ni ya neva ya uso. Watu wanamwambia siku hizi anaringa, anaumia sana. Je yeye bado anaweza kutusoma sisi? Na sisi tumsomeje yeye?

Bahari_Shwari

Pole sana ndugu yangu, na umpe pole mama. Kama ni ile ya Bell inayokuja ghafla upande mmoja, wengi hupona ndani ya wiki hadi miezi kadhaa, na dawa za steroidi hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa 72 za mwanzo, kwahiyo muda una maana, arudi kwa daktari asikae tu. Jicho lisilofumba lilindwe lisikauke, hilo lisisahaulike.

Kuhusu kuwasoma nyie, ndio, anaweza. Macho yake yapo, masikio yapo, uzoefu wa maisha yake yote upo. Labda kwenye vitu vidogo vidogo vyenye utata atachelewa kidogo.

Shida kubwa iko upande wenu nyie mnaomwangalia. Uso wake hautoi zile ishara mlizozoea, kwahiyo nyuso zenu hazina cha kuiga, mnabaki mnaona mtu baridi, mtu anaringa. Yule Kathleen Bogart aliyetajwa hapo juu ambaye mwenyewe ana Moebius ameonyesha kwamba watu humwona aliyepooza uso sana kuwa na furaha ndogo kuliko aliyepooza kidogo, na wale wanaotumia zaidi sauti, mikono na mwili husomwa vizuri zaidi. Alikuta pia kwamba waliozaliwa na hali hiyo wanatumia sana hizo njia, waliopata ukubwani wanazitumia kidogo, maana hawajapata muda wa kujifunza.

Kwahiyo mwambie mama apandishe na kushusha sauti zaidi ya alivyozoea, atumie mikono, aseme kwa mdomo "nimefurahi umekuja" hata kama zamani uso ungesema wenyewe. Na nyie mkiongea naye sikilizeni sauti na angalieni mikono, msihukumu kwa mdomo. Wale wanaosema anaringa waambieni kabisa kwamba neva imeumia, wengi hawajui tu.